Mlango wa Tanuri

"Mlango huu peke yake mzito kama ndama," Frank alisema, akiugonga kwa funguo za gari. "Mzee Nurdin, tuung'oe sasa?"

"Ung'oe na moto uko ndani? Mikono yako umeichoka?" Nurdin hakugeuka. "Subiri mikate itoke. Ndiyo ya mwisho."

Frank alinunua vyuma chakavu. Asubuhi hiyo alikuwa amekuja na pikapu kutoka Lindi mjini, na walishakubaliana: mlango, trei zote na bomba la moshi. Tanuri alilorithi Nurdin kwa baba yake, lililowalisha wasafiri wa njia panda ya Mingoyo tangu barabara ikiwa ya vumbi, lingebaki tundu la udongo la kulala kuku.

Sababu ilikuwa ngano. Unga aliouzoea ulitoka nchi ya jirani. Nchi hiyo ikajitoa kwenye umoja wa biashara, na ushuru uliokuwa umefutwa ukarudi mpakani. Mfuko ukapanda bei, ukapanda tena. Nurdin alikwenda kugomba dukani kwa Abdurahmani.

"Usinikodolee macho mimi," mwenye duka alimwambia. "Nimejitoa mimi? Mimi hata chama cha kuzikana sijajitoa."

Nurdin alicheka pale pale dukani, akanuna njia nzima ya kurudi. Aliipunguza mikate ukubwa mpaka watu wakamuuliza kama siku hizi anauza vifungo.

Warda, mkewe, ndiye aliyeleta gunia la makopa kutoka kwao Kilangala. "Muhogo huu haujavuka mpaka wowote," alisema. "Saga, changanya."

"Mimi mchoma mikate, bibie, si msonga ugali."

"Haya. Kauze mlango."

Maneno hayo yalimkera, hasa kwa sababu mlango alikuwa ameshauuza. Makopa yalikuwa yamenyeshewa njiani, basi akayaanika upya uani, akayapeleka mashineni, akachanganya unga wake na ngano iliyobaki, nusu kwa nusu. Hakumwambia mtu. Alikanda usiku kucha akijitukana.

Sasa alifungua mlango. Mikate ilikuwa imeumuka! Migongo ilikuwa ya kahawia, imepasuka kidogo katikati. Alichukua mmoja, akaugonga chini kwa kidole, ukalia mlio mzuri, mkavu. Nurdin, mtu wa kufoka na kununa, akajikuta anatabasamu peke yake mbele ya moto.

Warda akaja, akanusa, akasimama.

"Baba Bakari, makopa uliyaanika wapi?"

"Kwenye wavu."

"Wavu upi?"

"Ule pale uani. Kwani zipo ngapi?"

"Wavu wa jirani, wa Salome? Anaoanikia dagaa?"

Nurdin alinusa mkate. Hakusikia harufu ya dagaa. Miaka ya moshi wa kuni ilikuwa imeimaliza pua yake. Warda alicheka mpaka akakaa chini kwenye kuni, kanga ikiwa mdomoni.

Frank alimega kipande, akatafuna polepole, kisha akaufungua mkate na kuchungulia ndani. "Mzee, samaki mwenyewe yuko wapi?"

Wanywaji wa chai wa kila asubuhi walikuwa wabaya zaidi. Mmoja aliurudisha mkate akauliza kama chai nayo imevuliwa kwa wavu wa jarife. Nurdin aliligeukia tanuri. Alimwaga maji juu ya makaa, mvuke ukapanda mpaka kwenye paa, naye akachukua spana.

"Shika huku," alimwambia Frank.

Nati ya kwanza ilikuwa na kutu. Walikuwa bado wanahangaika nayo Yunusu alipovuka barabara. Aliuza supu ya pweza upande wa pili, na siku hizi supu yake ilinywewa kavu, maana chapati nazo ni ngano.

"Nipe huo uliomegwa," alisema. "Kuna utingo wa lori pale ananitukana kwa njaa."

Akaenda nao. Nurdin aliona yule utingo anachovya, anatia mdomoni, anatulia. Kisha sauti ikavuka barabara: "Yunusu! Lete mwingine! Huu umepikwa na pweza?"

Dereva wake akashuka kwenye lori. Abiria wa basi la Masasi wakashuka. Frank akaweka spana chini, akaenda kuangalia, na aliporudi alikuwa na bakuli mkononi na mchuzi kidevuni.

Nyuma yake Yunusu alikuwa anakuja mbio na beseni. "Leta yote. Na kesho je?"

Nurdin alimtazama Frank. Frank aliutazama mlango, nati yake ya kwanza imelegea nusu.

"Mlango wenyewe bado wa moto, mzee," Frank alisema, akilamba vidole. "Nitauchukua ukipoa."

"Haupoi huo."

"Basi nitakuwa napita kuangalia."

Pikapu iliondoka tupu, mizani yake ya kupimia vyuma nyuma ikibeba mikate miwili iliyofungwa kwenye gazeti. Nurdin alikaza nati, akapanga kuni mpya, akapuliza mpaka machozi yakamtoka.

Jioni alimwaga makopa yaliyobaki kwenye mkeka uani, akayatandaza moja moja. Warda alisimama mlangoni, akimtazama. Nurdin aligeuka huku na huku, akahakikisha Salome hayupo, kisha akaushika wavu wa dagaa kwa pembe mbili na kuuvuta taratibu mpaka ukagusana na mkeka.