Jamvi la Ng'ambo

Usingizi hauombi miadi. Humwingia rais wa nchi vile vile unavyomwingia kuli aliyeegemea gunia, humwachia kinywa wazi, na udenda ukimtiririka hauulizi cheo. Ndivyo ulivyomkuta Telesfori Ngalinda, rais wa Ukolela, alasiri ya siku mbaya, katika kiti cha kamba uani kwa marehemu Mama Felista, mama yake mkubwa aliyemlea tangu hajajua kufunga kaptula. Simu ilikuwa kifuani, na ndani ya simu mlikuwa na ujumbe ulioandikwa ukaiva, umebaki kubonyezwa tu uende kwa walimwengu.

Siku ilikuwa mbaya kwa sababu Mama Felista alikwisha zikwa, siku za matanga zilikwisha timia, na jamvi la msiba bado lilikuwa limetandikwa barazani. Kwa watu wa kwao mfiwa hakunji jamvi lake mwenyewe. Hulikunja mtani, na watani wa Wakolela ni watu wa Ubenga, ng'ambo ya Mto Lwembe. Mtani ndiye huchimba kaburi, ndiye huvaa nguo za marehemu na kuuigiza mwendo wake mpaka wafiwa wacheke huku kamasi zikiwatoka, na mwishowe ndiye hulikunja jamvi akawaambia, "Haya inukeni, mmeanza kuvunda." Jamvi lisipokunjwa, husemwa, marehemu hubaki amekaa juu yake, haendi. Na safari hii watani hawakuja, kwa kuwa daraja la Lwembe lilikuwa limefungwa.

Lilifungwaje? Rais wa Ubenga, Bi Zawena Mkalipa, alikuwa mtani wa Telesfori tangu wote wawili wakiwa mawaziri wadogo wa kubebewa mafaili. Siku Telesfori anaapishwa, Zawena alimnyang'anya kofia mbele ya mabalozi na kukataa kuirudisha mpaka apewe jogoo. Mabalozi wa nchi za mbali walikunja nyuso, wenyeji wakavunjika mbavu, na jogoo akatafutwa. Kisha Telesfori akajaliwa simu nzuri na wafuasi wengi kama siafu. Baba yake Zawena alipofariki, Telesfori alikuwa na shughuli. Alijua kwamba mtani hutania msibani, basi akaona atimize wajibu hapo hapo alipoketi. Akaandika: "Poleni nyie mliotangulia makaburini. Huyo mzee anakoroma, hamtalala tena." Wafuasi wakacheka, wakaongeza na ya kwao, ambayo karatasi hii haitayabeba. Zawena akajibu kwa maneno machache: "Jamvi la baba linakusubiri, mtani." Telesfori akasoma akaona ameitwa mtumishi mbele ya umati. Akajibu kwa sumu, mawaziri wa Ubenga wakarudisha sumu, mabalozi wakafungasha virago, malori ya nyanya yakachuruzika maji mekundu pale darajani, na mwisho kizuizi cha chuma kikashushwa.

Mchana ule mdogo wake, Skolastika, alimjia uani na ufagio mkononi.

"Kaka, watani hawajaja."

"Wana kiburi hao."

"Kiburi kina wenyewe. Mimi nauliza, nani atakunja jamvi?"

"Nawaandikia. Wakilisoma hili, watakuja mbio au watanyamaza maisha."

"Mama mkubwa hata kuiwasha simu alikuwa hajui," alisema Skolastika, akaenda zake kufagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Telesfori akayasoma tena maneno yake, akayapenda kama mtu anavyompenda ng'ombe wake mwenyewe, na kabla kidole hakijagusa, kope zikashuka.

Akajikuta katika nchi tambarare isiyo na jua wala kivuli, ambayo mwanga wake ulitoka chini, mweupe na baridi, ukimmulika kidevu kama aliyeinamia kioo, na upepo wake ulivuma minong'ono mingi isiyo na vinywa. Mbele yake akaja mtu akichechemea, amejifunga kanga ya Mama Felista, amevaa miwani ya Mama Felista iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na anatembea kwa mwendo ule ule wa Mama Felista wa kutanguliza kiuno kisha kukiuliza kama safari ipo. Telesfori, msiba ama si msiba, akacheka.

"Shikamoo, mheshimiwa kitambi," alisema yule mtu.

"Marahaba. Nani wewe?"

"Tumekua pamoja hujanijua? Mimi Utani. Nilikuwa natembea vizuri tu. Aliyenivunja mguu nitakuonyesha, usiwe na haraka, nchi yenyewe ni yako."

Wakashika njia, Utani akichechemea mbele, mpaka wakafika kwenye soko kubwa kuliko masoko yote. Wateja wake walikuwa na miili ya watu, lakini mahali pa kichwa kila mmoja alikuwa na dole gumba, nene, linalong'aa. Katikati, juu ya jiwe, alikaa mwanamke mnono mwenye sauti ya asali, amekumbatia chungu kinachofurika povu, na upawa mkononi. Huyo ndiye Bi Sifa. Alipomwona Telesfori alisogeza pindo la kanga, akampa nafasi karibu naye.

"Sema neno, baba, nikupakulie. Sema lile la kukoroma."

Telesfori akalisema. Madole gumba yakainuka kwa pamoja kama shamba la uyoga baada ya mvua, na Bi Sifa akamnywesha upawa mzima. Povu lilikuwa tamu. Akasema jingine, kali zaidi, akanyweshwa tena. Akasema la tatu, la kumchoma mtu, na kadiri alivyokunywa ndivyo tumbo lilivyozidi kumnguruma, mpaka akajikuta akiunyang'anya upawa mwenyewe, povu limemtapakaa mpaka masikioni.

"Povu hujaza kinywa," alisema Utani polepole, akimfuta kwa pindo la kanga kama afutwavyo mtoto. "Tumbo halilijui. Sikukatazi kunywa, maana mnywaji hakatazwi akiwa na kiu. Lakini hebu muulize mmoja wao jina lako la nyumbani. Muulize kama mama yako mkubwa alikuwa akiumwa mgongo."

Telesfori akamgeukia aliyekuwa karibu, akamuuliza. Dole gumba likatikisika, likageuka, likatazama chini. Akamuuliza wa pili, likatazama chini. Soko zima likainama namna hiyo, bila chuki na bila huzuni, na Bi Sifa akafunika chungu chake akamwambia, "Ukipata neno jingine, rudi."

Hapo makelele yakasikika, na umati ukapisha kiti cha enzi kilichobebwa mabegani. Aliyekikalia alikuwa na kanga ile ile, miwani ile ile yenye uzi, na alipofungua kinywa, sauti ile ile.

"Mbona mko wawili?" aliuliza Telesfori.

"Ndugu yangu, Kebehi," alisema Utani. "Tulizaliwa siku moja. Hata mama yetu alituchanganya."

"Usimsikilize huyo kilema, mheshimiwa," alisema Kebehi kwa ucheshi. "Yeye mpaka avuke mto, kumekucha. Mimi nafika ng'ambo kabla hujafunga mdomo. Nitume."

Akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa ubao mzito, akaurusha ukapita juu ya mto uliokuwa ukimetameta kwa mbali, na ng'ambo kukasikika kilio cha mtu mmoja. Akatoa mwingine, akaurusha. Telesfori akaangalia mbao zinatoka wapi, akaona ni za daraja la Lwembe, lile alilovuka mgongoni kwa Mama Felista kwenda kula ndizi za watani. Lilikuwa limebaki nguzo tupu.

"Inua pindo la kanga yake," alisema Utani.

Telesfori akainua. Chini ya kanga hapakuwa na miguu. Kebehi aliishia kiunoni, laini kama kitako cha chupa.

"Sasa umemwona," alisema Utani. "Maneno yetu ni yale yale, mzaha ule ule, hata pumzi ile ile. Lakini yeye hurushwa, haendi. Mimi nikimwambia mjane mumeo alikuwa anakoroma, nimesimama na udongo wa kaburi kwenye kucha zangu, na akitaka kunipiga kofi shavu langu liko karibu. Yeye shavu lake ataliona wapi? Wewe ulikaa kwako ukaniambia niruke mto. Mguu ulivunjika siku ile."

Telesfori akalishusha pindo la kanga.

Wakashuka mpaka ukingoni. Ng'ambo, juu ya majamvi mawili, walikaa wazee wawili. Mmoja alikuwa Mama Felista, ameshika kiuno. Wa pili alikuwa baba yake Zawena, macho mekundu.

"Telesfori," aliita Mama Felista, si kwa ukali, kama anayemwita mtoto aje kula. "Mgongo unaniuma, mwanangu. Waambie waje waniinue."

"Ndiye huyu?" aliuliza yule mzee. "Bwana, unasema nakoroma. Tangu nife sijapata hata lepe. Nimekaa tu. Wa kunikunjia jamvi hajaja."

"Nitapitaje?" Telesfori alimuuliza Utani. "Mbao zimekwisha."

"Kuna mmoja hujaurusha, kwa kuwa hukujua kuwa ni wako."

Kutoka kwenye matete akatoka mwanamke mwembamba, mkimya, macho chini. Hakujitambulisha, lakini Telesfori alimjua. Alikuwa Aibu, na yeye Telesfori alikuwa amempita mlangoni mara nyingi bila salamu. Mwanamke yule akajilaza juu ya nguzo, mikono ukingo huu na miguu ukingo ule.

"Vua viatu," alisema. "Mimi ni mwembamba, lakini sijapata kumwangusha mtu."

Telesfori akavua. Akaweka unyayo mmoja, akausikia mgongo wake ukitetemeka halafu ukitulia, na alipoinua wa pili, kitu kikamtetemekea kifuani, akafumbua macho.

Ilikuwa simu. Madole gumba yalikuwa yakiuliza mbona kimya leo. Jua lilikuwa bado juu ya paa la jiko, na Skolastika bado anafagia. Kiatu kimoja kilikuwa kimemtoka mguuni. Ujumbe ulikuwa pale pale, umeiva. Akausoma kutoka mwanzo, na kila neno alilolipenda mchana aliliona sasa limeishia kiunoni. Akaufuta, akaiweka simu juu ya kiti cha kamba, akavua na kile kiatu cha pili, akaingia ndani kuchukua kanga ya Mama Felista.

Mkuu wa itifaki, aliyekuwa akisinzia getini, alipoona rais anatoka peku amejifunga kanga ya marehemu, alikuja mbio akijifunga koti.

"Mheshimiwa, gari."

"Sitaki gari. Waambie walinzi wa kizuizini nakuja kwa miguu, na wawaambie wenzao wa ng'ambo."

"Mheshimiwa, hatujaalikwa. Tutasema ziara ya nini?"

"Kuna jamvi la watu linanisubiri. Limesubiri mno."

Skolastika aliegemea ufagio akamtazama kaka yake kuanzia kanga mpaka vidole vya miguu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie, midomo yake ilianza kumsaliti.

"Zawena akikuona hivyo, kaka, atakusema mpaka uombe ardhi ipasuke."

"Ndiyo," alisema Telesfori, akifungua geti. "Naenda kutukanwa."