Jina la Mchawi wa Saa Kumi

Kumpa mchawi jina si kazi ya kukimbilia. Janefer Nyatichi alilijua hilo kuliko watu wengi wa Kericho, maana majina yalishamtia matatani. Alipoanza tu kusimulia hadithi redioni, alimpa kijana mmoja mtanashati wa hadithi jina la Ouko, na mpenzi wake Akello, bila kukumbuka kwamba dereva wa trekta pale kwenye kambi ya wachuma chai naye ni Ouko, na kwamba mke wa dereva ana mkono mzito. Mama huyo alimsubiri kwenye mizani ya majani, akamvisha kikapu kichwani mbele ya wachumaji wote.

"Huyo Akello unayemtembeza na bwanangu kila jioni ni wa wapi? Sema!"

Janefer alicheka humo humo ndani ya kikapu. Angefanya nini? Mume alikuwa ameshazikwa, mashine za kuchuma chai zilikuwa zimeshamtoa kazini, na mandazi anayouza yalikuwa yanaungua jikoni. Kwa mtu wa namna hiyo, kikapu ni kofia tu.

Lakini alijiwekea sheria. Hadithi ya mapenzi inataka jina ambalo ukiliita ng'ambo ya shamba la chai linafika likiwa bado tamu. Hadithi ya upelelezi inataka jina fupi, la mtu asiye na muda wa kupoteza. Hadithi za watoto wape sungura na fisi, hao hawana wake. Na mbaya wa hadithi, awe mwizi, awe laghai, awe muuaji, lazima atoke kwa watu wa Janefer mwenyewe, Wakisii. Kwenye majani chai watu wamekuja kutoka kila upande. Mpe mwizi jina la kabila la jirani, na kesho hiyo si hadithi tena. Na ikiwa uchaguzi unakaribia, ndiyo usiseme.

Kwa hiyo ilipofika zamu ya hadithi ya kutisha, alimwita mchawi wake Nyakerario. Jina la nyanya. Jina linalonukia uji wa wimbi.

"Kwa nini jina zuri hivyo?" Calvince Okeyo alimuuliza. Calvince ndiye mtangazaji wa kipindi, kijana wa kutoka ziwani, mdomo haufungi hata akilala.

"Mtu haogopi porini, Calvince, porini alishajiandaa. Mtu anaogopa pale alipozoea kupewa uji."

Akampa mchawi ujane. Akampa kuku mweusi. Akamjengea nyumba kando ya reli, huko ukiteremka Fort Ternan, kwa sababu aliwaza kule hakuna kitu ila miwa, na miwa haisikilizi redio. Watu wakaipenda hadithi hiyo kupita zote. Saa kumi jioni ikifika, wachumaji walitua vikapu wakanyamaza. Jana yake Janefer alikuwa amewaahidi: kesho mtajua mwisho wa Nyakerario.

Na leo, saa kumi ikiwa bado kidogo, alikuwa amekaa kwenye kistudio chao juu ya duka la dawa za mifugo, anafuta mafuta ya mandazi vidoleni, mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamke mwenye matope mpaka magotini. Nyuma yake kulikuwa na mama mzee, mdogo wa mwili, amejifunika leso kichwani mpaka kwenye nyusi.

"Janefer wa redio ni nani hapa?"

"Inategemea. Kama umekuja na kikapu, ametoka."

Yule mwanamke hakucheka.

"Mimi naitwa Dolphine. Huyu ni mama yangu mzazi. Anaitwa Nyakerario. Ni mjane, na nyumba yake iko kando ya reli."

Janefer aliacha kufuta vidole. Calvince, ambaye Mungu alimnyima breki, akauliza, "Na kuku?"

"Walimchoma juzi," Dolphine akasema. "Mzima mzima, na manyoya yake. Wakamweka mlangoni."

Yule mama mzee akainua uso kwa mara ya kwanza. "Hata huyo kuku mweusi sikumtaka," akasema polepole. "Nilipewa na mkwe."

Janefer akasimama akampa mama kiti chake mwenyewe, akabaki ameshika ukingo wa meza. Kisha Dolphine akaeleza, maneno yakimtoka mafupi mafupi. Mwanzoni ilikuwa mzaha. Watoto walipita nje ya nyumba wakiimba maneno ya redio. Halafu wanawake wakaacha kuteka maji mama akiwa kisimani. Halafu mtoto wa jirani akashikwa na homa, na homa haishuki. Na asubuhi ya leo, Dolphine akiwa dukani, aliwasikia vijana wakiulizana nani ana pikipiki yenye petroli ya kutosha kutoa kidogo.

"Wanangoja wewe," akamwambia Janefer. "Wote watakuwa kwa kinyozi, pale kwenye redio. Wanasema leo Janefer atatwambia mwisho wake. Chifu nimempigia mpaka simu imechoka. Na usiniambie nimtoe mama pale. Atahamia wapi? Shamba lake ni hilo, na baba amelala hapo."

Utotoni Janefer alishaona nyumba iliyochomwa kwa neno kama hilo. Hakuona moto, aliona asubuhi yake: sufuria zilizojikunja kama majani makavu, na watu wazima waliokuwa wanasalimiana kama kawaida. Kule kusalimiana ndiko kulikomrudia sasa.

"Tusirushe kipindi," Calvince akasema. "Naweka nyimbo."

"Watasema mchawi amefunga redio," Dolphine akajibu.

"Basi mchawi afe. Dada Janefer amuue leo, tumalize."

"Amuue vipi? Namna atakayomuua ndiyo watakayoifuata," Dolphine akasema.

Calvince akajaribu tena. "Tubadilishe jina. Tuseme tulikosea. Aitwe... aitwe Nyaberi."

"Kuna Nyaberi anauza nyanya hapo chini," Janefer akasema. "Na kuna mwingine kule Kabianga. Unataka nimtoe mama huyu motoni nimtie nani?"

"Basi jina la Kizungu. Mchawi Margaret."

"Mchawi Margaret, na kuku wake kando ya reli? Watacheka mpaka machozi, Calvince, halafu wajue tumemficha mtu, waende mbio zaidi." Akajifuta jasho la mdomo wa juu. "Umewatisha watu muda wote huo, huwezi kuwaambia rudini nyumbani hakuna kitu. Woga wao umeshavaa viatu. Utaenda tu mahali."

Aliposema hivyo mwenyewe akasikia alichosema.

Taa nyekundu juu ya mlango ikawaka. Wimbo wa kipindi ukaanza. Calvince akamtazama kama mtu anayemtazama daktari, naye Janefer akamwambia Dolphine, "Kaa hapo na mama. Msikohoe." Akavuta maiki.

"Hamjambo nyote mliotua vikapu," akaanza, kwa ile sauti yake ya uchokozi waliyoizoea. "Na wewe uliyejificha kwenye michai, nyapara amekuona. Leo niliwaahidi mwisho. Lakini kwanza niwaulize swali. Nyinyi mmejuaje kwamba Nyakerario ni mchawi? Mlimwona? Nani alimwona akiingia usiku kwa jirani? Nani alimhesabia kuku? Ni mtu mmoja tu. Yule aliyekuwa anawasimulia."

Calvince aliacha kutafuna kalamu.

"Nyakerario alikuwa mama wa watu, mkarimu, hana kosa. Aliyemchukia ni mwanamke mwingine, wa mbali, mcheshi, anayependwa kila mahali. Huyo ndiye aliyepeleka homa kwa watoto, halafu akakaa kitako akasimulia, akielekeza kidole kando ya reli, ili macho yenu yote yaende huko na yeye abaki anatembea huru. Mchawi hafichi sura, wapenzi. Mchawi anafanya mtazame kwingine."

Hapo palikuwa pahali pa jina, na jina lilikuwa moja tu alilokuwa na haki ya kulitumia.

"Anaitwa Janefer Nyatichi. Anauza mandazi."

Dolphine alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

Lakini jina tupu halitoshi, Janefer alilijua hilo. Jina lisilo na mlango ni porojo, na kule kwa kinyozi wasingeliamini. Kwa hiyo akaendelea, akaona kama anasikiliza mtu mwingine. Akataja kambi anayoishi, akataja safu ya mwisho ya nyumba, ile inayopakana na michai mirefu. Akataja mlango wa kijani na kengele ya baiskeli aliyoitundika wageni waipige badala ya kubisha hodi. Akacheka kile kicheko chake ambacho watu hukiiga. Safari hii alikiacha kirefu kuliko kawaida, kikapinda mwishoni, na vinyweleo vya mikono ya Calvince vikasimama ingawa alikuwa anamwona kwa macho.

Simu zikaanza kabla wimbo haujaisha. Wa kwanza alikuwa mchumaji, akicheka kwa sauti ya juu mno: "Dada Janefer, umeniua leo! Mimi mandazi yako nimekula asubuhi!" Wa pili alipiga kutoka karibu na reli. Nyuma yake kulisikika mashine ya kunyolea na kelele za wanaume. "Sisi huku tulikuwa tunajua," akasema. "Huyu mama wetu hana neno. Popote alipo arudi tu, hata mtoto ameanza kunywa maji." Dolphine akaanza kulia bila sauti, akimshika mama yake begani.

Wa tatu hakujitaja jina. Alikuwa mwanamume, mpole, mwenye adabu.

"Nilitaka kuuliza tu," akasema. "Hiyo safu ya mwisho. Mlango uko upande wa michai, ama upande wa barabara?"

Calvince alikata laini.

"Ni mzaha huyo, dada," akasema. "Si ni mzaha?"

"Ndiyo," Janefer akasema. "Hadithi ya kutisha ikikosa mtu wa namna hiyo, ujue haikuuma." Akatafuta chombo chake cha mandazi kwa muda mrefu, na kumbe alikuwa amekishika.

Walishuka ngazi pamoja, Dolphine akatangulia kwenda kutafuta pikipiki ya kuwarudisha. Jua lilikuwa bado lipo, la manjano juu ya mabati. Pale chini ya ngazi alikaa Mathew, mchoma mahindi, mtu ambaye yeye na Janefer walitukanana kwa furaha kila jioni, na ambaye hajawahi kumpunguzia mtu yeyote bei tangu azaliwe. Redio yake ndogo ilikuwa kando ya jiko. Ilikuwa imezimwa.

"Mathew, mahindi yako ni ya leo au ya mwaka wa njaa?"

Mathew alisimama. Hakuwa na desturi ya kusimama kwa mtu. Alichagua hindi zuri kuliko yote, akalipaka ndimu na pilipili, akaliweka kwenye ukingo wa jiko badala ya kumpa mkononi. Akarudi nyuma hatua.

"Chukua tu, mama," akasema. Jana alikuwa anamwita wewe-kichwa-ngumu. "Usilipe."

"Kumbe hii kazi ina mshahara," Janefer akasema, akacheka. Mathew naye akacheka, akichelewa, huku macho yake yakiwa kwenye mikono ya Janefer. Upande wa pili wa barabara mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake ndani ya duka.

Janefer hakuweza kuinua mkono. Hindi lilikuwa pale, linatoa moshi, naye akalitazama kama ni nyoka. Ndipo akahisi vidole vikavu vikimshika kiwiko. Alikuwa Nyakerario, yule mama mzee, ameshusha leso mabegani kwa mara ya kwanza. Alilichukua hindi, akalivunja vipande viwili, akamtia kimoja mkononi na kumfumba vidole juu yake.

"Kula," akamwambia kwa sauti ya chini. "Kula wakikuona. Ukiacha ndiyo watasema ni kweli."

Janefer akang'ata. Alitafuna taratibu, huku barabara nzima ikimtazama koo.