Miche ya Kupigia Picha

Kila mwanzo wa msimu wa mvua, shirika letu la bustani za jiji hukaribisha vibarua wapya, na kila mwaka mimi hukaribishwa pamoja nao. Huu ni msimu wangu wa tisa. Nimekaribishwa mpaka nimechoka. Mkurugenzi anasimama kwenye nyasi, amevaa buti za mvua ambazo hazijawahi kuonja tope, anapanua mikono na kusema, "Karibuni kwenye familia!" Familia gani inayotimua watu kila mvua zikikatika?

Lakini mwaka huu nilipiga makofi kuliko wote. Juzi aliniita ofisini, akanisogezea kiti kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia nafasi ya msimamizi wa kitalu iko wazi, tena ni ya kudumu. "Siku ya ukaribisho ipite salama tu, dada yangu. Wafadhili watakuwepo." Nilijua ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nikajipakaza. Mimi nusu ya mwaka nakaa kwa wifi yangu, ambaye akisikia nimeamka anafunga kabati la sukari. Jeuri ningeitoa wapi?

Usalama wenyewe ndio huu. Kila kibarua mpya anapanda mche mmoja mbele ya wafadhili, na anaupanda pamoja na kiriba chake, ule mfuko mweusi wa plastiki tunaooteshea. Wageni wakishaondoka na picha zao, mimi naing'oa miche yote na kuirudisha kitaluni, maana kiwanja chenyewe ni cha mpira. Iko miche iliyokwisha kupandwa mara nne na haijawahi kugusa ardhi.

Na hao wapya sasa! Mmoja alikuja na viatu vyeupe. Mwingine alishika koleo kama amebebeshwa mtoto wa watu. Walipanda walivyoambiwa, wakatabasamu walivyoambiwa, wala hakuna aliyeuliza mzizi utapitia wapi. Niliwadharau kwa raha zangu.

Akabaki mmoja, mama wa makamo mwenye viganja vigumu. Alilitazama shimo, akakitazama kiriba, akakichana kwa kucha na kukitupa pembeni. Akapanda, akashindilia udongo taratibu.

Mkurugenzi akaja mbio, tabasamu bado amelibandika. "Nani kakwambia utoe?"

"Nikikiacha mche utakufa, mkubwa. Mizizi haina pa kwenda."

Mfadhili mmoja akageuka kusikiliza. Yule mama akanigeukia mimi. "Si ndivyo, dada? Wewe ndiye mwenyeji hapa."

Ndivyo, tena kabisa. Misimu yote hiyo nimeotesha miche kwa mikono yangu, hilo hata usingizini ningelijibu. Lakini nililiona kabati la wifi mbele ya macho yangu.

"Huyu bado hajaijua kazi," nikasema, nikimtazama mfadhili. "Hivi ni viriba vya kisasa. Vinaoza vyenyewe ardhini."

Mfadhili akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mkurugenzi akashusha pumzi.

Mama alinitazama vilevile nilivyokuwa nikimtazama mkurugenzi tangu asubuhi. Kisha akavua fulana ya shirika aliyoivaa juu ya blauzi yake, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye nyasi na kushika njia ya getini. Hakuna aliyemwita.

Mkurugenzi akanishika bega. "Haya, msimamizi, waelekeze wenzako, tusije tukaaibika tena."

Wakanizunguka, macho yote kwangu, wananisikiliza kwa heshima ambayo sikuwahi kupewa mahali hapo.

"Kiriba," nikawaambia, "hakitolewi."

Mmoja akatoa daftari, akaniomba nirudie polepole ili aandike. Nikarudia.