Sakafu ya Gari la Baba Mkwe

Bisibisi ilizama kwenye sakafu ya gari kama kijiko kwenye uji, na Cheche, aliyekuwa amepiga magoti mle ndani, akabaki ameshika mpini tu. Akaichomoa. Mwanga ukapenya kutoka chini. Akainamisha jicho kwenye tundu, akaona vumbi la karakana na sisimizi mmoja akipita na mzigo wake, hana habari na mtu.

"Unaona nini huko?" akauliza Rangi, fundi wa kupaka magari rangi, ambaye walikodi pamoja karakana ile na hakuwahi kukosa neno la kusema.

"Naona ardhi."

"Basi isalimie. Mwambie tajiri wako gari lake lina dirisha la ziada."

Cheche hakucheka. Tajiri mwenyewe alikuwa baba mkwe wake.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na gari lile lilikuwa limeliwa chini ya zulia lake lenyewe. Juu lilipendeza: pua ya mviringo, taa mbili kama macho ya mtu aliyeshtuka, mlango uliokuwa ukijifunga kwa sauti ya kitabu kizito. Lakini raba ya kioo cha mbele ilikuwa imechoka zamani, na kila mvua iliyonyesha ilitelemka kimya kimya hadi chini ya zulia ikajikalia huko. Cheche alipolikunja zulia alikuta lami, chini ya lami kipande cha debe, na chini ya debe lami tena. Kila fundi aliyepita alikuwa ameziba. Hakuna aliyetibu.

Mzee alikuwa seremala, sasa amestaafu, mtu wa maneno ya kuhesabika. Katika gari lile alimleta binti yake nyumbani kutoka hospitali kitovu hakijadondoka, na binti huyo ndiye mke wa Cheche. Katika gari lile marehemu mama mkwe alikaa kiti cha pembeni maisha yake yote ya ndoa. Tangu azikwe, mzee hakumruhusu mtu hata kufungua boneti. Na Cheche, kwa miaka yote aliyokuwa mkwe katika nyumba ile, alikuwa mtu wa kukaribishwa vizuri na kutoambiwa kitu. Sasa mzee alikuwa amemkabidhi ufunguo mkononi na kusema neno moja tu: "Nimekuletea."

Cheche alielewa. Akiliharibu lile, hataharibu gari. Ataharibu nyumba.

Ila Cheche alikuwa fundi wa bodi za malori, na ukitaka kujua kosa lake, lilianzia hapo. Lori lina chasi, mihimili miwili minene inayotoka mbele hadi nyuma, na bodi imekalishwa juu yake kama mzigo juu ya mkokoteni. Ng'oa sakafu yote ya lori, lori halina habari. Kwa hiyo alifanya kama alivyozoea. Aliinua gari kwa jeki, mbele na nyuma, akatoa viti, akang'oa milango ili apate nafasi. Akaweka kiganja juu ya bati, akafumba macho, akasema maneno yake ya kila asubuhi: "Mungu wangu, weka mkono wako juu ya wangu." Kisha akawasha grainda.

Alikata kulia, akakata kushoto. Alikata mbavu zilizopita chini ya viti, akakata na upande wa ndani wa vizingiti vya milango, kwa sababu kutu ilikuwa imevifanya viwe kama biskuti iliyolowa. Alasiri gari lilikuwa wazi chini, na Cheche aliweza kusimama ndani yake huku viatu vyake vikiwa ardhini. Alitosheka na kazi yake. Akachukua mlango mmoja aujaribishe mahali pake kabla ya kupima bati jipya.

Mlango ukaingia kwenye bawaba. Akausukuma. Ukagonga nguzo ya nyuma ukarudi.

Akausukuma tena, polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Ukarudi. Juu, mlango ulikuwa umebana hadi ukucha haupiti. Chini palikuwa na pengo la kuingiza kidole. Akazunguka upande wa pili, akatundika mlango wa huko. Vile vile. Alirudi nyuma hadi ukutani, akaliangalia gari zima kwa ubavu. Gari lilikuwa limebonyea katikati, kama kitanda cha kamba kilicholegea.

Alipiga magoti, akachungulia chini, akaitafuta chasi. Haikuwepo. Haikuwahi kuwepo. Gari lile halikuwa na mifupa iliyofichwa mahali. Lile bati jembamba, na vile vizingiti, na zile mbavu alizozitupa kwenye lundo la vyuma chakavu, ndivyo vilivyokuwa mifupa.

Rangi alikuja, akatazama, akapiga mluzi mdogo. "Maji yamezidi unga."

"Nyamaza kidogo, ndugu yangu."

"Sikiliza. Piga grainda ukingo wa mlango pale juu, kidogo tu. Huku chini jaza puti ya kuzibia. Mimi nitapitisha rangi, na hata aliyelitengeneza kiwandani hatajua."

"Na mzee?"

"Mzee ana miwani mizito kama chupa. Ataona nini?"

Cheche aliichukua grainda. Aliiwasha, akaisikia ikivuma mkononi, akaukaribia ukingo wa mlango. Ukingo ule ulikuwa mzima. Katika gari lote lile, milango haikuwa na hata doa la kutu. Alisimama hapo, mashine ikilia, akaona kwamba anakaribia kukata kitu kizima ili kifanane na kilichopinda. Akaizima.

Nyumbani mkewe alimtazama mara moja tu, akaweka chini shati alilokuwa akilipiga pasi.

"Umefanya nini?"

"Nani kasema nimefanya kitu?"

"Umeingia na viatu hadi chumbani."

Akamwambia yote. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hilo lilimtisha Cheche kuliko kelele.

"Umeshamwambia baba?"

"Bado."

"Mficha uchi hazai, mume wangu. Kamwambie."

"Na nikimwambia?"

"Atanyamaza. Si umeshamzoea?"

"Kuna kunyamaza na kunyamaza."

"Basi utajua ni kupi," akasema mkewe, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, ingawa macho yake yalikuwa mekundu. Gari lile lilikuwa la mama yake pia.

Asubuhi mzee alikuja mwenyewe kabla hajaitwa, suruali imenyooshwa, kofia mkononi. Rangi, ambaye hakukosa neno, alikumbuka ghafla kwamba ana kazi nyuma ya karakana. Cheche alimwamkia, akapokea itikio, akasimama mbele ya gari kama mtoto aliyevunja mtungi.

"Baba, nimekosa," akasema. "Nimelikata kama ninavyokata lori. Nilidhani chini kuna chasi. Hakuna. Sakafu ndiyo iliyokuwa imelishika, na mimi nimeitoa yote kwa pamoja bila kuweka nguzo. Sasa gari limebonyea. Milango haifungi."

Mzee alivaa miwani, akaegemea mlango, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya pengo, kuanzia chini hadi pale ulipokwama. Akazunguka upande wa pili akafanya vile vile. Kisha akaenda kwenye lundo la vyuma, akainama kwa shida, akaokota kipande cha sakafu ya zamani. Kilikuwa na matundu kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Alikiinua kwenye mwanga, na kona moja ikavunjika yenyewe, ikaanguka unga unga kwenye kiatu chake.

"Hiki?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Hiki ndicho kilichokuwa kimetubeba?"

"Hicho hicho."

"Mimi, na mama yenu. Na huyu mkeo, akiwa kama mkate kwenye kitambaa. Kwenye mvua. Kwenye zile barabara." Alikigeuza kipande kile mikononi, taratibu. "Na kimeoza hivi."

"Kimeoza siku nyingi, baba. Sielewi kilishikaje."

Mzee aliketi juu ya kreti. Cheche alingoja hasira, haikuja. Uso wa mzee ulikuwa kama wa mtu aliyeonyeshwa mchana jinsi daraja alilolivuka usiku lilivyo. Midomo yake ilicheza kidogo, na Cheche akatambua kwamba mzee anasali. Naye akainamisha kichwa. Hakuomba msamaha wala gari lipone. Hakupata neno la kuomba. Alishangaa tu, kwamba kitu chembamba hivyo, kilichodharauliwa, kinachokanyagwa na kumwagiwa maji, kilikuwa kimebeba watu wote aliowapenda, na hakuna aliyekishukuru.

"Mlango usiuguse," mzee akasema hatimaye.

"Sijaugusa, baba."

"Nyumbani kwa watu, fremu ikishuka, naupiga randa mlango, mambo yanaisha. Huu hapana. Huu haujakosea. Mlango unakumbuka tundu lake lilivyokuwa. Wewe lirudishe tundu kwenye mlango." Alisimama, akavua koti. "Una uzi?"

Wakaanza. Walitundika milango yote. Walilaza mbao ndefu chini ya vizingiti, wakaweka jeki chini ya mbao, moja kila upande. Rangi aliitwa arudi kutoka kwenye kazi yake ya nyuma, akapewa jeki ya kushoto.

"Nikisema punje, uzungushe punje," mzee akamwambia.

"Punje ya mchele au ya mahindi, mzee?"

"Ya ulezi."

Rangi akakosa jibu, jambo ambalo lilishuhudiwa na wote waliokuwepo.

Mzee alikunja karatasi ngumu, akawa anaichomeka kwenye pengo la kila mlango, juu, chini, pembeni, akisikiliza kwa vidole jinsi inavyopita. Chini ya gari walivuta uzi kutoka kona hadi kona, kisha wakauhamishia kona nyingine mbili, kuhakikisha hawalipindishi wakati wanaliinua. "Punje," anasema mzee, na jeki inasogea, na gari linaguna. Ilikuwa sauti ya ajabu, nzito, ya mtu mzee anayenyooka mgongo. Wakatulia. Karatasi ikapita tena. "Kulia punje. Kushoto acha." Cheche alikuwa na roho mkononi. Chuma kile kingeweza kukataa. Kingeweza kupasuka pale nguzo inapokutana na paa, na hapo hakuna cha kurudisha.

Hakikukataa. Ndani ya asubuhi ile, pengo la juu lilifunguka kama jicho linaloamka. Mzee alisukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukaenda, ukaingia, ukajifunga.

Mzee aliufungua, akaufunga tena. Rangi alivua kofia yake yenye madoa, akasahau kuivaa.

Cheche alichomelea nguzo za bomba kwenye kila tundu la mlango, ili gari lisicheze tena. Kisha ndipo akaanza sakafu. Alikata bati jipya kwa kufuata vipande vya boksi alivyopimia, akapinda mbavu zake juu ya kipande cha reli, akaziketisha. Upande mmoja kwanza, hadi ukamilike, ndipo akaenda wa pili. Alichomelea kwa vishono vifupi, kimoja hapa, kingine kule mbali, ili moto usipate nafasi ya kupinda bati. Mzee alikuja kila siku. Alikaa kwenye kreti akiwa na miwani ya giza ya kuchomelea, akitazama moto ule wa buluu bila kuchoka. Mara nyingine alisema, "Pale umeruka," na kweli Cheche alikuwa ameruka.

Siku ya mwisho mkewe Cheche alikuja pia. Cheche alichomelea mshono uliobaki, akangoja chuma kitulie, akakata zile nguzo za bomba. Sasa kilibaki kitu kimoja. Ile sakafu ilipaswa kubeba.

"Shusha," mzee akasema.

Jeki zilishuka punje kwa punje. Mbao zikalegea, zikaachana na vizingiti. Gari likasimama lenyewe. Aliyekwenda kwenye mlango ni mkewe Cheche. Aliufungua, akaufunga. Akazunguka, akafungua wa pili, akaufunga. Sauti ya kitabu kizito ikajaa karakana, upande mmoja kisha mwingine.

"Baba," akasema mkewe, akaufungua tena mlango.

Ndani hakukuwa na kiti wala zulia, bati tupu tu, jeupe, na mishono yake ikipita kama mishono ya nguo. Mzee alilisogelea gari. Akainama, akafungua kamba za viatu vyake, akavivua, akavipanga pembeni. Akavua na soksi. Akamshika Cheche bega, akainua mguu mmoja, kisha wa pili, akaingia na kusimama juu ya sakafu ile, kichwa kimeinama chini ya paa, nyayo zake za kizee juu ya chuma kipya.

Cheche naye alikuwa ameinama anafungua viatu, hakujua kwa nini.

"Pana joto bado," akasema mzee.