Picha Juu, Maneno Chini

Kutengeneza ukurasa wa tovuti siku hizi hakuhitaji uchawi. Unachukua kipande cha picha, unakiburuta mpaka unapotaka, unakiachia. Cha maneno vivyo hivyo, kitufe vivyo hivyo. Ndivyo Binti alivyokuwa akimweleza shangazi yake, kwa madaha, kompyuta kaiegesha pembeni ya cherehani.

"Mstari wa juu picha tatu. Mstari wa chini maneno ya kila picha. Umeona palivyonyooka?"

Shangazi, pini mdomoni, aliguna tu. Cherehani zake nne zilikuwa kimya tangu shule iliyokuwa ikimpa kazi ianze kununua sare za kiwandani. Sasa hospitali ilikuwa inatafuta fundi, na siku ile saa tisa kamati ingetazama kurasa za mafundi wawili tu: wake na wa Babu Vifungo, mzee wa ng'ambo ya barabara. Shangazi akikosa, anafunga duka na kuhamia kwa mwanawe, akakae sebuleni kama mgeni. Alishasema hivyo mara mbili, na hakuwa anatania.

"Mpangilio huu nimeshaujaribu," alisema Binti. "Ndio niliomtengenezea Babu Vifungo mwezi jana. Nimenakili tu, nikabadilisha rangi."

"Yaani umenivika nguo ya jirani. Haya, nionyeshe kwenye simu."

"Kwenye simu unajipanga wenyewe, Shangazi. Tulia." Akabonyeza Chapisha.

Ngoja nimseme kidogo. Hodari alikuwa hodari, lakini sifa zilimjaa kichwani, na kwa siku tatu hakuutazama ule ukurasa popote isipokuwa kwenye kioo kipana cha kompyuta yake.

Saa nane na nusu Shangazi aliufungua kwa simu yake, akacheka mpaka pini zikamdondoka. "Njoo uone! Tangu lini muuguzi akavaa kofia ya mlinzi?"

Binti aliinyakua simu, akatazama. Kioo cha simu ni chembamba, na ile mistari miwili ilikuwa imeshindwa kuenea. Zilitangulia picha zote, moja chini ya nyingine: muuguzi, mpishi, mlinzi. Ndipo yakafuata maneno yote. Kwa hiyo chini ya mlinzi na kofia yake palisomeka: Gauni la wauguzi, jepesi, halina shida kulifua.

Alipunguza herufi. Akasogeza huku, akasogeza kule. Wapi! Kicheko cha Shangazi nacho kilishakatika.

"Kwani mimi nikikata nguo tatu," alisema, "mikono yote naiweka rundo moja na migongo rundo jingine? Kila mkono naubana na gauni lake hapo hapo. Kisha zipeleke unakotaka."

Binti akaivuta kompyuta. Akayachukua maneno ya muuguzi, akayaweka ndani ya kipande kimoja na picha yake. Ya mpishi. Ya mlinzi. Safari hii alitazama kwenye simu kwanza. Saa tisa kasoro dakika nne akabonyeza Sasisha.

Saa tisa na nusu simu ya Shangazi ikalia. Alikuwa mkuu wa wauguzi, na Shangazi akaweka sauti ya nje ili wasikie wote wawili.

"Hongera, mama, kazi ni yako. Saa kumi tunasaini. Yule mzee anashona vizuri, lakini ukurasa wake, sijui! Sote tumeufungua kwa simu, na picha na maneno haviendani kabisa. Tukasema, mtu wa hivi si atatuchanganyia na vipimo?"

Shangazi alikata simu, akapiga kigelegele. Akamkumbatia Binti, akamkuta kakauka kama ubao.

"Nini tena?"

"Wa Babu Vifungo niliutengeneza mimi, Shangazi. Ni kosa lile lile. Sikumkumbuka kabisa."

"Wewe mtoto!" Shangazi alikaa. Alikasirika, kisha akaogopa, na vyote vilionekana usoni mwake. Alizitazama cherehani zake nne, moja moja. Ng'ambo ya barabara mzee alikuwa amekaa mlangoni pake, simu mapajani, akisubiri ilie.

"Kuutengeneza kunakuchukua muda gani?"

"Dakika kumi."

"Fanya saba." Akaipiga tena namba ile ile, na ilipopokelewa hakungoja hata salamu. "Mama, naomba msisaini kwanza. Ule wa mzee mtaufungua tena."