Yule wa Simu

Kila Desemba, kibanda cha video cha Semakula hapa Bwera mpakani kinaonyesha filamu ileile ya Krismasi, na kila Desemba watu wanajaa. Ni moja ya zile filamu za televisheni za Wazungu. Tajiri wa mjini anarudi kijijini kwao, theluji inaanguka, anakutana na msichana anayeoka mikate, na kabla ya Noeli anamwacha mchumba wake wa mjini, yule anayempigia simu akifoka. Anapiga goti, kengele zinalia, imekwisha.

Lakini hatuendi kwa ajili ya Wazungu, tunakwenda kumsikiliza Thembo. Yeye ndiye mtafsiri. Anakaa pembeni ya skrini na mikrofoni yake, sauti ya filamu inapunguzwa, naye anasema yote kwa Kiswahili chetu. Kiingereza chenyewe hakijui sana. Kwa hiyo majina anatoa yeye, maneno anatoa yeye, na theluji ile anasema imeshuka kutoka mlimani kwetu Rwenzori.

Mwaka jana msichana wa mikate aliitwa Kahambu. Kahambu ni mimi. Nauza vitenge soko la Mpondwe, na Thembo akasema msichana yule anauza vitenge Mpondwe, ingawa kila mwenye macho aliona ameshika sinia la mikate. Kibanda kizima kiligeuka kunitazama. Mimi, mtoto wa Butembo niliyevuka mpaka na begi moja, nilijiona malkia. Hivyo ndivyo alivyonichumbia. Sasa matangazo ya ndoa yetu yameshasomwa kanisani mara mbili, na Jumapili baada ya Noeli yatasomwa mara ya mwisho. Baba yangu mdogo ameshapokea mbuzi.

Mwaka huu niliketi mbele kabisa, na kitambaa kipya kichwani. Msichana akatokea na sinia lake.

"Huyu sasa ni Shallon," Thembo akasema. "Shallon wa Rukoki! Mandazi yake, mutu akikula anasahau kwabo."

Nikasema moyoni, ulimi umeteleza. Kisha simu ikalia kwenye filamu, yule mwanamke wa mjini akaiweka sikioni, mdomo wazi.

"Uko wapi weye?" Thembo akabana sauti ya kike. "Miye Kahambu, minakungojea tangu asubuhi!"

Watu walicheka mpaka benchi likatikisika. Mimi nilijikaza kisabuni.

Filamu ilipokwisha nilimngoja nje.

"Thembo, unanifanya nini?"

"Ni kazi tu, sheri, mpenzi wangu. Batu banachoka na majina ya zamani."

"Na hiyo jina ya Shallon ulitoa wapi?"

"Kichwani."

"Na Rukoki?"

"Ni fasi tu, jina ya mahali. Weye unaonea filme wivu?"

Alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye waya wa mikrofoni aliokuwa akiuzungusha mkononi. Thembo ni mtu wa kukutazama usoni, hata anapodanganya. Hapo ndipo nilipoanza kupanga mambo moja moja. Siku hizi anakwenda Kasese kila wiki, eti kutafuta filamu mpya, na filamu mpya siioni. Rukoki ni pale pale karibu na Kasese. Na kila akirudi ananiletea mandazi kwenye gazeti. Jamani, nimeyala mandazi yale! Nimeyasifu!

Jirani yangu sokoni ni Sylvie, anauza samaki wa chumvi. Nikamuuliza, kama mzaha, kama anakumbuka mwaka jana yule wa simu aliitwa nani. Mimi sikukumbuka. Nani anamkumbuka yule wa simu?

"Sylvie," akasema, akiendelea kupanga samaki.

"Nakuuliza yule wa kwenye filme."

"Nimesikia. Aliitwa Sylvie. Nilikuwa nyuma yako, ulifunga kitambaa ya manjano."

Sikuwahi kujua kwamba Thembo alikuwa wake. "Mbona hukuniambia?"

"Ungeamini? Ungesema, huyu ananionea wivu."

Ningesema hivyohivyo, bila kupunguza neno.

Siku iliyofuata nilikwenda Rukoki na matusi yangu nimeyapanga vizuri. Shallon hakunipa taabu kumpata. Alikuwa kando ya barabara, unga mpaka kwenye viwiko, msichana wa kucheka hovyo. Nilinunua andazi, nikalitia mdomoni. Ladha niliijua. Matusi yakanikwama pamoja na andazi.

Nikamuuliza kama amewahi kumwona Thembo wa Bwera akitafsiri filamu. Uso wake ukang'aa.

"Bado, dada. Lakini yeye nasema mimi nakuja siku ya Krismasi. Yeye nasema ndani ya filamu iko kitu yangu."

"Basi tuonane pale pale, tukae pamoja," nikamwambia. "Mimi sina mtu wa kukaa naye."

Krismasi baada ya misa tuliketi katikati, yeye na gauni jipya. Thembo alimwona Shallon kwanza, akatabasamu. Halafu akaniona mimi ubavuni mwake. Mikrofoni ikakoroma. Lakini Semakula alishawasha filamu, na filamu haimngojei mtu. Nikasema moyoni, sasa tuone huyu bwana atatuita nani.

Msichana akatokea na sinia. Thembo kimya.

"Shallon!" watu wakapiga kelele. Walikuwa wameitazama wiki nzima, jina walilijua. "Shallon wa Rukoki!"

Shallon alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Furaha ile niliitambua, ilikuwa yangu, na iliniuma kuiona kwa mwingine. Kisha simu ikalia.

"Kahambu!" kibanda kizima. "Kahambu huyo! Muache!"

Shallon alicheka hadi machozi, akanipiga paja. "Huyu Kahambu ni mbaya sana! Ngoja, dada, wewe jina yako ni nani?"

Nikamwambia.

Mkono wake ulibaki pajani kwangu. Alimtazama Thembo, akaitazama skrini, akanirudia mimi.

"Na mwaka jana," akauliza polepole, "huyu ya simu ilikuwa nani?"

"Sylvie. Anauza samaki Mpondwe."

"Na mwaka kesho?"

Nilisimama nikaanza kupita katikati ya magoti ya watu, nimwahi padri kabla hajaondoka, nimwambie lile tangazo la tatu asilisome. Mbuzi watarudi kwao. Thembo alikuwa bado hajasema neno, Wazungu wanafungua midomo bure. Nilipofika mlangoni nilisikia watu wanalalamika tena kwamba wanakanyagwa, nikageuka, na Shallon alikuwa nyuma yangu, ameshika viatu vyake vipya mkononi.