Siku Gari Lilipoinuka

Mkunga mmoja mstaafu alikuwa na mke mwenza, na mke mwenza huyo alikuwa gari. Ndivyo alivyoliita mwenyewe, mbele ya mumewe na mbele ya majirani, tangu siku mume aliporudi nyumbani akiendesha lile dude jeusi la kifahari, lenye viti vya ngozi, dirisha kwenye paa na umri wa miaka kumi na saba. Mume alikuwa mpima ardhi. Miaka thelathini alikuwa amerushwarushwa ndani ya magari ya ofisi, akaapa kwamba akistaafu atakalia kiti cha maana.

Miezi miwili alikikalia. Mwezi wa tatu vituko vikaanza. Kwanza betri: jioni ni nzima, asubuhi imekufa. Ikawekwa mpya, nayo ikafa. Kisha madirisha yakawa yanashuka yenyewe, na waipa zikawa zinafuta kioo kikavu jua la saa sita. Baya zaidi, gari lenyewe likaanza kulala. Halikuwa na springi za chuma. Lilisimama juu ya mipira minne ya hewa, na kila asubuhi upande wa mbele kushoto ulikutwa umeketi chini, tairi limemezwa na bodi, kama ng'ombe aliyepiga goti.

"Mwenzangu kaamka vibaya tena," mkunga alikuwa akisema, akipita na beseni lake la nguo.

Mpima ardhi akawa kiguu na njia, gereji hii hadi gereji ile. Fundi wa kwanza alibadilisha pampu ya hewa. Wa pili alibadilisha jenereta inayochaji betri. Wa tatu alilizunguka gari mara mbili, akasema bila haya, "Mzee, hili lina mashetani. Liuze."

Siku hiyo mpima ardhi alirudi akaketi kwenye ngazi za mbele, funguo mkononi, viatu hajavua. Mkewe alimwona kupitia dirisha la jikoni. Hakuwa amemwona akiketi hivyo tangu walipomzika mama mkwe. Utani wote ukamwishia mdomoni.

Kesho yake, yeye ndiye aliyeleta fundi. Alikuwa mwanamke wa makamo, fundi umeme wa magari, ambaye watu walimwita Sindano kwa sababu alipima nyaya kwa sindano ndefu iliyounganishwa na mita yake. Mkunga alikuwa amemzalisha watoto wawili.

"Shikamoo mzee," Sindano alisema. "Naomba nikae humo ndani kwanza. Siligusi."

Alikaa, milango imefungwa, kichwa kainamisha. Kisha akainama, akakandamiza zulia kwa kiganja, akakinusa kiganja.

"Mvua ya mwisho ilinyesha lini?"

"Wiki tatu sasa," mpima ardhi alijibu.

"Na zulia bado bichi."

Aliomba kikombe cha maji. Akayamimina taratibu kwenye mfereji mwembamba unaozunguka dirisha la paa. "Yanatakiwa yapite kwenye bomba ndani ya nguzo, yatokee chini, karibu na tairi."

Wote watatu waliinama wakasubiri. Halikutoka hata tone.

"Sasa yanakwenda wapi?" mkunga aliuliza. Beseni alikwisha kuliweka chini.

"Ndiyo tunakwenda kuona, mama."

Sindano akafungua kiti cha mbele, akakitoa, akalikunja zulia lote. Mkunga akashika kifua. Chini yake kulikuwa na nyaya, mamia ya nyaya, nyekundu, kahawia, zambarau, nyingine za milia, zimeviringwa pamoja kwa utepe, nene kama mkono wa mtoto, kisha zikigawanyika na kugawanyika tena mpaka zikawa nyembamba kama uzi wa kushonea, kila mmoja ukijua unakokwenda. Alikumbuka kondo la nyuma la kwanza kulishika, akiwa msichana wa mafunzo, alivyoligeuza kwenye taa akaona mishipa yake imetanda, akasahau kwamba mwalimu anamwita.

"Haya yote tulikuwa tunayakanyaga?"

"Na huu ni upande mmoja tu, mama."

Katikati ya nyaya kulikuwa na kisanduku cheusi, ukubwa wa kitabu, kimekaa kwenye dimbwi. Sindano alipochomoa soketi yake, pini za ndani zilikuwa zimeota kutu ya kijani.

"Hiki ndicho kinachoamuru madirisha, waipa, hata hewa ya ile mipira," alisema. "Maji yameunganisha visivyotakiwa kuungana. Kinadhani kuna mtu anabonyeza swichi. Hata gari likizimwa, umeme wake haupati usingizi, ndiyo maana betri inakwisha."

"Kwa hiyo si mashetani?" mpima ardhi aliuliza.

Sindano akapuliza bomba la paa kwa pampu ya mkono. Likatema tope na majani yaliyooza. "Mashetani yenyewe haya, mzee."

Siku mbili alikausha, akasugua, akaunga nyaya moja moja. Kisha akaupaka mpira wa kushoto povu la sabuni, na kwenye kunjo lake vipovu vidogo vikachipuka, vikipumua. Huo haukuwa na dawa ila kubadilishwa.

Siku ya tatu, alasiri, zulia na kiti vimerudishwa, mpira mpya ukiwa mahali pake, alisema, "Washa, mzee."

Injini ikanguruma. Pampu ikavuma. Kwanza halikutokea jambo. Kisha nyuma ikapanda, halafu mbele, kulia, kushoto, polepole, pasipo mlio. Tani mbili na nusu za chuma zikainuka juu ya hewa tupu. Jirani aliyekuwa akipita njiani alisimama, mdomo wazi. Mpima ardhi alishuka na futi kamba, akapiga goti kwenye kila tairi, akapima, akarudia kupima.

"Sawa kwa sawa," alinong'ona. "Pembe zote nne. Hata milimita haijapotea."

"Saa yake bado imekufa, na kiti cha nyuma hakipati joto," Sindano alisema, akikunja nyaya za mita. "Kwa hayo nitarudi."

Hakuna aliyemsikia. Mkunga alikuwa amekwisha kuingia kwenye kiti cha dereva.

"Lishusheni. Nataka nibonyeze mimi."

Sindano akapitisha mkono dirishani, akamwonyesha swichi, na gari likashuka. Mkunga akaweka kidole kwenye swichi, akabonyeza, na akahisi kitu kikubwa kinamwinua kwa upole, kama mtu anavyomwinua mgonjwa. Ukuta wa uani ukashuka mbele ya macho yake, paa za majirani zikajitokeza. Machozi yalimtoka naye anacheka.

"Mume wangu," aliita, akihamia kiti cha pili, "unangoja nini? Panda, twende."

"Twende wapi?"

"Kwani nimekuuliza wapi?"

Sindano akawafungulia geti.